Dagaa wako wanasifiwa na kila mtu ila hawaishi dukani? Tafuta ubovu hivi

Mimi na shemeji yangu tunakaanga dagaa hapa Pasiansi, Mwanza. Mzigo tunachukua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, tunachambua, tunakaanga, tunafunga kwenye pakiti za gramu 100, mwaka wa tatu huu. Karai tumeunguza mara chache sana. Hela iliyopotea ilipotea kwenye kusikiliza wateja, yani tulisikiliza sana ila tulisikia vibaya, tukawa tunarekebisha kisichoumwa na kinachoumwa tumekiacha palepale.

Kwaiyo nimeandika hapa dalili nilizokutana nazo na chanzo chake kila moja. Fundi wa boda mzuri pikipiki ikikataa kuwaka hafungui injini, anaangalia mafuta, anachomoa plagi, anaigusa, ndio anaendelea. Fanya hivyohivyo, na hata kama wewe unatengeneza sabuni ya maji au viatu au programu ya simu naamini utajikuta humu.

Kabla ya yote, pakiti zako ziwe na namba. Sisi tunaandika tarehe na karai la ngapi siku hiyo, kwa kalamu ya wino usiofutika, mfano 14/3 K2. Kama huna hiyo acha kwanza kusoma, nenda kaanze kuandika namba, maana mteja akikuambia "ile ya juzi ilikuwa mbaya" na wewe hujui ya juzi ilitoka karai gani basi mmepiga stori tu.

Dalili: wote wanasifia, mzigo hauendi

Hii ndio inauma kuliko zote kwa sababu unalala ukijua mambo safi. Unauliza "vipi dagaa wetu?" unajibiwa "wazuri sana", mwezi unaisha duka limeuza pakiti nne.

Chanzo cha kwanza ni swali lako. Huku kwetu umefika kwa mtu, umemsalimia, umemuulizia watoto, alafu akuangalie usoni akwambie chakula chako kibaya? Hawezi, ni kukosa adabu. Na kama ulimpa bure ndio umemziba mdomo kabisa. Usimuulize kama ni wazuri. Muulize habari za pakiti ya mwisho: ulifungua lini, ulikula na nini, nani mwingine alikula, ilibaki? Iliyobaki ikaenda wapi? Mtu kwenye sifa atakupamba, ila akianza kusimulia alichofanya juzi anasahau kukupamba. Nimeshaambiwa "iliyobaki niliwamwagia kuku" na mtu ambaye dakika mbili nyuma alikuwa ananiambia dagaa wangu hawana mpinzani Mwanza nzima.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi: mteja ameshauzoea ubovu mpaka hauoni tena. Kipindi hicho tulikuwa tunauza na dagaa wakavu wasiokaangwa kwa mama lishe, na kuna mama mmoja Nyakato tulimpelekea miezi minne mfululizo. Kila nikimuuliza, "wazuri ng'wanawane, wazuri." Siku moja nikapita kwake saa kumi na mbili asubuhi nina safari yangu ya Kisesa, nikamkuta anawaosha. Beseni la bluu, maji ya vuguvugu, anawasugua taratibu kati ya viganja kama anaosha mchele, anawaopoa, anamwaga, anaweka maji mengine. Mara tatu. Maji ya tatu akaniomba nimsaidie kumwaga na nilivyoinamisha beseni nikaona chini mchanga umelala, mwembamba, na katikati kijiwe kimoja cheupe. Nikamwambia mama mbona hujawahi kuniambia? Akanishangaa kweli. "Si ndo dagaa hao? Dagaa si ndo walivyo?"

Yani huyu mama kila asubuhi alikuwa anapoteza karibu nusu saa na mkaa wa kupashia maji kwa ajili ya uzembe wangu, na kwenye kichwa chake hiyo haikuwa shida, ilikuwa sehemu ya kupika.

Mchanga unapotoka kila mtu wa ziwani anajua, dagaa wakianikwa chini ufukweni wanaokota mchanga, wakianikwa juu kwenye vichanja wanakauka wasafi, ila wa vichanja bei yao imechangamka. Sisi tulikuwa tunachukua wa chini na sababu yetu ilikuwa "mbona hakuna anayelalamika". Tulipohamia wa vichanja hakuna aliyetushukuru pia! Hata mama mwenyewe hakusema kitu. Ila alikuwa anachukua kilo tatu kwa wiki, ndani ya mwezi na nusu akawa anachukua sita. Kwenye semina moja ya ujasiriamali nikaja kusikia kuna profesa wa Japani, Noriaki Kano, mwaka 1984 yeye na wenzake walishaliandika hili: kuna mambo kwenye bidhaa yakiwepo hakuna anayekusifia, yakikosekana watu wanakukimbia. Nikamkumbuka mama na beseni lake.

Kwaiyo dawa ni kwenda kukaa pale bidhaa yako inapotumika, na uangalie mikono. Anaosha? Anafungua pakiti kwa meno? Anahamishia kwenye kopo? Anaongeza chumvi kabla hata hajaonja? Andika ukirudi nyumbani, usiandike mbele yake, na simu iache mfukoni kwa sababu ukianza kupiga picha tu mtu anaanza kupika kama yuko kwenye televisheni.

Dalili: huyu anasema chumvi imezidi, yule anasema chumvi hamna

Watu wengi hapa wanakata tamaa, wanasema binadamu hawaridhiki, wanaendelea kama zamani. Subiri. Angalia mambo mawili, na uanze na lililo kwako kabla hujaenda kwa wateja.

La kwanza, labda wote wawili wanasema kweli. Sisi tulikaa wiki mbili tunabishana na shemeji, yeye anasema kipimo ni kilekile, kiganja kimoja kwa kila karai, mimi nasema shem kiganja chako cha asubuhi na cha jioni umechoka havilingani. Kumbe wote tulikosea. Tulikuwa tunanyunyiza chumvi dagaa wakiwa wameshapoa kwenye beseni kubwa, na chumvi laini haishiki kwenye dagaa aliyepoa na kuchuja mafuta, inateleza inashuka chini. Ukianza kufunga pakiti, za mwanzo zinatoka juu ya beseni hazina chumvi na za mwisho zinatoka chini kabisa, ukila moja unakunywa ndoo. Beseni moja, karai moja, siku moja. Tulijuaje? Tulifungua pakiti ya kwanza na ya mwisho ya karai lilelile tukaonja zote mbili. Kazi ya dakika mbili ambayo tungeifanya siku ya kwanza. Sasa hivi dagaa wanalowekwa kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa kwa mizani kabla ya kukaangwa, wanaanikwa wakauke, ndio wanaingia karaini, na ugomvi umeisha.

La pili, ukishahakikisha pakiti zako zinafanana na bado wanapingana, basi umechanganya watu wa aina mbili kwenye daftari moja. Anayekula dagaa na bia pale jioni anataka chumvi na pilipili. Mama anayemwekea mtoto kwenye uji au anapika mchuzi anataka kidogo maana chumvi ataweka mwenyewe. Ukichukua maoni yao ukayagawanya katikati unapata dagaa ambao hakuna anayewataka. Kila maoni yaandike na mtu alikuwa anakula wapi na kwa ajili gani, alafu chagua, au tengeneza mbili. Sisi tulichagua wa bia kwanza, shemeji hakupenda ila ndio wanaonunua kila siku.

Dalili: malalamiko yanakuja kwa mafungu, yanakatika, yanarudi

Wiki tatu kimya, alafu siku nne simu nane, wote "wana harufu", "wachungu", "wanakaba kooni". Ukiona hivi usiguse mapishi. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama siku ya kila lalamiko na namba ya pakiti pembeni, alafu tafuta kinachoendana.

Anza na mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi wengi taa za sola na betri, na usiku wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi inapumzika. Siku hizo Mwaloni mzigo mpya unapungua, bei inapanda, na ndio siku utauziwa gunia lililokaa stoo ukiambiwa limeingia jana kutoka Ukerewe. Sisi tulikuwa tunanunua kila Jumatatu bila kuangalia angani. Sasa tunanunua wa kutosha kwenye giza, mbalamwezi tunakaanga wa akiba tuliowachagua wenyewe, tunajua umri wao.

Angalia mvua. Machi mpaka Mei na tena vuli ile ya mwisho wa mwaka, dagaa hawakauki vizuri, wanaanza kuharibika wakiwa bado kwenye vichanja na hata ukaange vipi ile harufu haitoki. Hapa hamna ujanja, ni kununua kidogo kwa bei kubwa au kukataa oda, na kukataa oda kuna heshima yake usiogope.

Alafu angalia namba ya karai. Sisi uchungu mwingi ulikuwa K5 na K6. Mafuta yaleyale tangu asubuhi! Hapo mteja alikuwa anatuambia "badilisheni dagaa" na dagaa hawakuwa na kosa lolote, kosa ni letu la kubana lita mbili za mafuta. Mteja anapoumia anapajua vizuri, ila dawa anayokutajia mara nyingi ni ya kubahatisha, ipokee kwa heshima na ukapime mwenyewe.

Na mwisho angalia duka. Pakiti tano mbovu, namba tofauti, karai tofauti, tarehe tofauti, tukachanganyikiwa mpaka tulipogundua zote zimetoka duka moja Mabatini. Nikaenda. Mangi, yani mwenye duka, amezitundika dirishani kwenye waya, pakiti inayoonyesha ndani, jua la saa nane linapiga moja kwa moja, ukiigusa ni ya moto. Samaki mwenye mafuta akikutana na hewa, mwanga na joto mafuta yake yanaharibika, hiyo ndio harufu ile ya mafuta ya zamani. Na mangi hakuwa na nia mbaya, aliziweka dirishani kwa kutupenda, zionekane! Tulimpa kikapu kidogo akaweka ndani juu ya kaunta, kwenye duka lake hatujapata lalamiko jingine. Pakiti za kung'aa zisizopitisha mwanga tunazitamani, bei yake bado.

Dalili: kwenye kuonja sahani inaisha, dukani hawarudi

Fupi hii. Kuonja dagaa watatu pale Furahisha kwenye maonesho, umesimama, una njaa, kuna muziki, sio sawa na kumaliza pakiti nyumbani. Chumvi na pilipili ya kumshtua mtu kwa mara moja ndio hiyohiyo inayomchosha akifika katikati ya pakiti. Wakubwa pia waliumia hapa, Coca-Cola mwaka 1985 walionjesha watu karibu 200,000 soda yenye ladha mpya, wengi wakaipenda kuliko ile ya zamani, wakaiingiza sokoni Aprili badala ya ile ya zamani, watu wakachachamaa, Julai ileile wakairudisha ya zamani. Kwa mtaji wetu sisi tufanye hivi: mpe mtu pakiti nzima akale kwake, siku ya nne mpigie umuulize ilimalizika lini. Ikiisha siku hiyohiyo ni dalili nzuri. Kama bado ipo kabatini imefungwa na mpira, tayari una jibu.

Dalili: waliomba wenyewe, umewatengenezea, hawanunui

Kuna bwana mmoja wa jumla, anapeleka mizigo Geita, alituambia mkitoa ya nusu kilo nachukua katoni kumi kila wiki. Tukanunua mifuko, tukachapisha lebo, shemeji akakesha. Alichukua katoni moja. Hakurudi na simu hapokei.

Chanzo, tulichukua neno tukaliita oda. Siku hizi mtu akiomba kitu kipya namwambia sawa kaka, weka kishika uchumba, hata asilimia ishirini. Wengi wanacheka wanasema tutaongea. Wachache wanaotoa hela, hao ndio nakaa nao chini nawasikiliza neno kwa neno.

Na kabla ya kutengeneza alichoomba muulize angekitumiaje. Watu kibao walituomba "pakiti kubwa", ukiwachimba mmoja mmoja, huyu anataka bei ipungue, yule anataka mfuko wenye zipu maana akifungua na asipomaliza wanalainika, mwingine ana wageni Jumapili tu. Pakiti kubwa isiyo na zipu ingemharibia yule wa pili zaidi. Tuliweka zipu kwenye gramu 100 zilezile, tukaongeza shilingi mia, na maombi ya pakiti kubwa yakapungua sana.

Angalia pia sauti kubwa ya mtu mmoja. Akiongea kwenye grupu la WhatsApp mara sita ni mtu mmoja, hesabu vichwa usihesabu meseji.

Dalili: kimya

Umeweka namba ya simu nyuma ya pakiti na hakuna anayepiga. Nani aunguze vocha yake kukulalamikia wewe dagaa wa elfu moja mia tano? Anatupa, kesho ananunua karanga. Sisi tuliandika kwa herufi kubwa mbele: UMEKUTA KASORO? BIPU, TUTAKUPIGIA. Simu zikaanza wiki ileile, nyingine za kutongoza shemeji lakini ndio hivyo.

Ila njia iliyotusaidia zaidi ni mwenye duka, maana mteja anamtukana yeye na sio wewe, na yeye hakufikishii, kwanza hana faida ya kukufikishia, pili anaogopa utaacha kumletea. Tulimwambia hivi: mtu akirudisha pakiti mbadilishie palepale bila swali, ile mbovu nitunzie, nikija nakupa mpya na soda yako. Tangu hapo maoni tunayapata yakiwa kwenye mfuko, na namba yake, na harufu yake. Kuna atakayedanganya? Yupo. Kwetu wamefika wawili, na wote mangi aliwajua kabla yangu.

Kimya kingine kinatokana na anayenunua kutokuwa anayekula. Wasafiri pale stendi ya Nyegezi wananunua zawadi za kupeleka Dodoma na Dar, mnunuzi atakuambia pakiti inapendeza na hiyo ndio anayoijua. Mlaji yuko mbali. Kwa hao bipu ndio njia pekee.

Dalili: umerekebisha na bado wanalalamika

Kabla hujalia uliza namba ya pakiti. Tulipomaliza lile la chumvi tulikaa tukisubiri sifa, tukapata simu tatu za chumvi kali, shemeji akasema turudi kwenye kiganja. Namba zilikuwa za mwezi mzima nyuma. Bidhaa mpya ilikuwa imeanza kutoka huku kwetu na za zamani bado zimelala kwenye mashelfu ya watu huko Igoma na Buhongwa, tena mwenye duka anapanga mpya mbele na za zamani zinabaki nyuma wiki na wiki. Malalamiko ya namba za kabla ya marekebisho usiyahesabu, ila usiyapuuze pia, nenda kazitoe.

Kama namba ni za baada ya marekebisho, jiulize ulibadilisha vitu vingapi kwa pamoja. Sisi wiki moja tulibadilisha mafuta, muda wa kuloweka na muuza mifuko. Wateja wakasema wamelainika. Kipi sasa? Ikabidi turudishe kimoja kimoja, siku kumi kila kimoja, na ilikuwa mifuko, mashine ilikuwa haibani vizuri plastiki ile mpya, ukiibonyeza hewa inatoka pembeni kwa sauti ndogo kama tairi la baiskeli lenye pancha.

Siku ya kuzitoa zile za zamani nilikodi boda kuanzia asubuhi. Duka la mwisho Buhongwa mwenye duka hayupo, yupo mtoto wa kama miaka kumi, nikamwambia mdogo wangu hizi nimezileta mimi nazichukua nakuachia mpya. Akakataa katakata, kaambiwa asitoe kitu bila hela. Nikazinunua zote saba.